Je, redio na magazeti hutulisha maoni?

Swali: Mtaalamu, shikamoo. Mimi ni mama mwenye duka la vyakula Majengo, Moshi. Redio ya dukani huwashwa saa kumi na mbili asubuhi na haizimwi mpaka nifunge. Nimeona kwamba jambo likitajwa kwenye usomaji wa magazeti asubuhi, ikifika saa nne wateja wote wanalizungumza, na wengi wana maoni yale yale. Mume wangu anasema vyombo vya habari vinatulisha maoni kama watoto wadogo. Kaka yangu, dereva wa Coaster ya Moshi na Arusha, anabisha. Anasema mtu mzima huchukua anachokitaka na kuacha kilichobaki. Nani yuko sahihi? Na nitajuaje kama maoni niliyo nayo ni yangu?

Jibu: Marahaba, mama. Mumeo na kaka yako wanabishana juu ya jambo ambalo watafiti wamelibishania kwa karibu miaka mia moja, na kila mmoja wao angepata mashahidi wazuri wa upande wake. Mimi nitasimama kati yao, lakini si katikati kabisa. Kwa jinsi ninavyousoma ushahidi uliopo, vyombo vya habari ni dhaifu kuliko mumeo anavyodhani inapokuja kazi ya kumbadilisha mtu kile anachokiamini moyoni, ila vina nguvu kuliko kaka yako anavyodhani katika mambo mawili: kutuamulia ni jambo gani lizungumzwe leo, na kutufanya tuone kwamba tunajua wenzetu wanawaza nini. Hilo la pili ndilo zito zaidi, na ndilo linalosahaulika, kwa kuwa linaweza kubadili mwenendo wa mtaa mzima bila mtu yeyote kubadili imani yake.

Nianze na kaka yako. Mwaka 1940 Paul Lazarsfeld na wenzake walikwenda wilaya ya Erie, katika jimbo la Ohio nchini Marekani, kufuatilia uchaguzi wa rais uliowakutanisha Franklin Roosevelt na Wendell Willkie. Walichagua watu 600 na kuwahoji kila mwezi tangu Mei hadi Novemba, wakitarajia kuona jinsi redio na magazeti yanavyowahamisha wapiga kura kutoka upande mmoja kwenda mwingine. Waliohama walikuwa wachache mno. Wengi walisikiliza zaidi hotuba za mgombea waliyekwisha kumkubali, na kampeni ikawaongezea sababu za kubaki pale pale walipokuwa. Hata wale waliobadilika, walipoulizwa kilichowasukuma, walitaja mara nyingi maneno ya mtu waliyemfahamu, kama vile ndugu, jirani au mfanyakazi mwenzao. Kutokana na hayo watafiti wakasema kwamba habari husafiri kwa hatua mbili: hutoka redioni na magazetini kwenda kwa watu wachache wanaofuatilia sana, kisha hutoka kwa hao kwenda kwa wengine wote. Watu hao wachache tunawafahamu kwetu pia. Ni mzee anayesikilizwa kwenye kijiwe cha kahawa, kinyozi, mwenyekiti wa mtaa, kiongozi wa jumuiya, na kule Majengo, ukiniruhusu kusema hivyo, ni mwenye duka ambaye redio yake haizimwi.

Hata hivyo nisingemshauri kaka yako ajivunie sana ushahidi wa Erie. Uchaguzi ule ulikuwa kati ya vyama ambavyo familia nyingi zilivifuata kwa vizazi, kwa hiyo watu walikuwa na msimamo kabla ya redio kufunguliwa. Hali huwa nyingine kabisa jambo likiwa geni, ambalo hakuna mtu mwenye msimamo nalo wala njia ya kulihakiki kwa macho yake, kama ugonjwa mpya, mkataba wa serikali na kampuni ya nje, au vita ya nchi ya mbali. Kwa upande mwingine kuna mambo yanayotufikia wenyewe mfukoni au jikoni. Tozo za miamala ya simu zilipoanza kukatwa Julai 2021, hakuna mteja wako aliyehitaji mtangazaji amweleze kwamba inauma. Aliiona kwenye ujumbe wa simu yake alipotuma fedha kijijini, na kelele za watu zilikuwa kubwa kiasi kwamba serikali ilizipunguza kwa asilimia 30 baada ya wiki chache. Katika jambo la namna hiyo vyombo vya habari vilikuwa vinawafuata watu nyuma. Ukitaka kujua redio ina nguvu kiasi gani juu yako katika suala fulani, kwanza jiulize kama una njia nyingine yoyote ya kulijua.

Sasa nije kwenye lile uliloliona mwenyewe, kwamba saa nne wateja wote wanazungumza jambo moja. Pita stendi ya Moshi asubuhi uangalie meza ya muuza magazeti. Magazeti yamepangwa ubavu kwa ubavu, mengine yamebanwa kwenye kamba, na mbele yake wamesimama watu kumi au kumi na tano, mikono nyuma, wanasoma kurasa za mbele. Atakayenunua labda ni mmoja. Waliobaki wakishasoma vichwa vya habari wanapanda gari, na huko ndani mjadala unaanza kwa kutumia maneno yale yale yaliyoandikwa kwa wino mzito. Hawajasoma habari yenyewe ukurasa wa tatu, hawajui mwandishi alizungumza na nani, lakini wameshajua lililo kubwa leo. Usomaji wa magazeti redioni hufanya kazi hiyo hiyo kwa watu wengi zaidi na kwa sauti ya kupendeza.

Jambo hili lilipimwa rasmi mwaka 1968 katika mji wa Chapel Hill, North Carolina. Maxwell McCombs na Donald Shaw waliwauliza wapiga kura 100 ambao walikuwa bado hawajaamua watampa nani kura, wakitaka kujua ni masuala gani wanayaona makubwa, kisha wakapima nafasi ambayo vyombo vya habari vilivyosomwa na kutazamwa pale vilikuwa vimeyapa masuala hayo hayo. Orodha hizo mbili zilikaribia kufanana kabisa. Matokeo yao yaliyochapishwa mwaka 1972 yaliacha swali la wazi: je, wananchi ndio waliowafuata wahariri, au wahariri ndio waliokuwa wakiwafuata wananchi? Shanto Iyengar na Donald Kinder walilijibu baadaye kwa njia ya ujanja. Walichukua taarifa za habari za televisheni, wakazihariri, na kuwaonyesha watu kwa siku kadhaa mfululizo, kundi moja likiongezewa habari za udhaifu wa jeshi, jingine habari za uchafuzi wa mazingira. Baada ya juma, walioongezewa habari za jeshi waliliona suala la ulinzi kuwa kubwa kuliko walivyoliona mwanzo, na zaidi ya hapo walianza kumpima rais wao kwa kipimo hicho hicho cha ulinzi. Hakuna aliyewaambia rais ni mzuri au mbaya. Walipewa mizani tu.

Ndiyo maana mimi huwaambia wanafunzi wasitazame sana gazeti limesema nini juu ya jambo fulani, watazame kwanza ni mambo gani hayamo gazetini. Bei anayolipwa mkulima wa kahawa wa Kibosho au zamu za maji za mtaa fulani wa Arusha mara nyingi huwa habari kuu siku waziri anapofika, na waziri akiondoka nayo huondoka. Sababu yake si siri wala si njama. Waandishi wengi wa mikoani hulipwa kwa habari iliyotoka, si kwa mwezi; nauli ya kwenda kijijini ni yao, na simu ni yao. Anayetoa usafiri, chakula na ile bahasha inayoitwa posho ndiye ambaye shughuli yake itapata mwandishi. Kwa hiyo semina ya hotelini hupata waandishi sita, na mfereji uliobomoka huko Kahe hukosa hata mmoja. Ongeza hapo matangazo ya biashara, ambayo ndiyo yanayolipa mishahara ya chumba cha habari, na utaelewa kwa nini kampuni kubwa inayolipia matangazo hayo haiulizwi maswali mengi. Mambo haya huamua maoni ya umma kabla hata mhariri hajashika kalamu.

Ipo pia namna habari inavyowekwa. Watafiti Amos Tversky na Daniel Kahneman mwaka 1981 waliwaeleza watu juu ya ugonjwa unaotarajiwa kuua watu 600. Walipoambiwa kwamba mpango wa kwanza utaokoa watu 200 kwa hakika, na wa pili una bahati moja kati ya tatu ya kuwaokoa wote na mbili kati ya tatu za kutomwokoa yeyote, asilimia 72 walichagua ule wa hakika. Kundi jingine liliambiwa mambo hayo hayo kwa upande wa vifo, kwamba katika mpango wa kwanza watu 400 watakufa, na safari hii asilimia 78 waliukimbia mpango huo wakachagua bahati nasibu. Hesabu haikubadilika, kilichobadilika ni mlango wa kuingilia. Kwetu mfano mzuri ni ajali za bodaboda. Habari ikianza na kijana aliyekuwa akiendesha kwa kasi bila kofia ngumu, msikilizaji atahitimisha kwamba vijana hawa hawana adabu na polisi wawabane. Ikianza na barabara isiyo na bega wala sehemu ya pikipiki, ambayo malori ya kwenda Namanga yanapita jirani na shule, msikilizaji yule yule atauliza mhandisi alikuwa wapi. Utafiti wa Iyengar wa mwaka 1991 ulionyesha kwamba televisheni inapozoea kusimulia tukio moja moja la mtu mmoja mmoja, watazamaji huelekea kumlaumu mtu huyo, na wenye mamlaka hubaki salama. Nadhani redio zetu hufanya hivyo mno, kwa sababu tukio ni rahisi na la bei nafuu kulisimulia kuliko hali.

Hadi hapa mumeo anaweza kutabasamu. Lakini nguvu hizo bado ni za kuelekeza macho, na kutoka macho hadi imani ni mwendo mrefu. Ili tuone jinsi jambo linavyoingia katika mwenendo wa watu, inabidi tuangalie pale ambapo vyombo vya habari vimeonekana kuwasukuma watu kutenda, na bahati ni kwamba mifano miwili mikubwa iko hapa hapa kwetu.

Wa kwanza unaukumbuka. Mwanzoni mwa mwaka 2011 Mchungaji mstaafu Ambilikile Masapila, katika kijiji cha Samunge, Loliondo, alikuwa akiwapa wagonjwa kikombe cha dawa ya mti kwa shilingi 500. Habari zilipoenea, magari yalipanga foleni ya kilomita nyingi kuelekea kijijini, watu wakatoka mikoa yote na nchi jirani, na wataalamu wa afya wakalazimika kuwasihi wagonjwa wasiache dawa zao za hospitali. Watu husema magazeti ndiyo yaliyowaaminisha. Mimi naona kazi yao ilikuwa nyingine. Imani ya dawa za miti shamba na uponyaji wa maombi ilikuwapo miaka mingi kabla. Kilichokuwa kipya ni picha ya foleni yenyewe. Mtu aliyekuwa Morogoro na mgonjwa wake wa kisukari aliona kila asubuhi kwamba maelfu ya watu, pamoja na viongozi na wasomi, wako njiani. Akahesabu kwamba watu wote hao hawawezi kuwa wajinga, na kwamba yeye asipokwenda ndugu watamuuliza kwa nini alimwacha mzee afe bila kujaribu. Foleni ikazaa habari, na habari ikaongeza urefu wa foleni. Wapo waliokunywa kikombe wakiwa na mashaka yao yote, ila walikunywa.

Mfano wa pili ni mzito, na uliamuliwa mjini Arusha. Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kwa Rwanda, iliyoundwa na Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa Novemba 1994 na kukaa katika majengo ya Kituo cha Mikutano cha Kimataifa, AICC, ilisikiliza kesi ya watu watatu wa vyombo vya habari walioshtakiwa kwa kuchochea mauaji ya kimbari ya Rwanda ya mwaka 1994. Ferdinand Nahimana na Jean-Bosco Barayagwiza walihusika na kuanzisha redio ya RTLM, ambayo ilianza kutangaza mwaka 1993, na Hassan Ngeze alikuwa mhariri wa gazeti la Kangura. Tarehe 3 Desemba 2003 walitiwa hatiani. Rufaa yao ilipoamuliwa Novemba 2007, majaji walifuta baadhi ya makosa na kupunguza vifungo, kwa Nahimana kutoka maisha hadi miaka 30, kwa Ngeze kutoka maisha hadi miaka 35, na kwa Barayagwiza kutoka miaka 35 hadi 32. Sehemu moja ya uamuzi huo inahusu swali lako moja kwa moja: majaji wa rufaa waliona kwamba haikuthibitishwa vya kutosha kuwa matangazo yaliyotolewa kabla ya tarehe 6 Aprili 1994, siku ndege ya rais wa Rwanda ilipotunguliwa, yalichangia kwa kiasi kikubwa mauaji yaliyofuata, ilhali matangazo ya baada ya tarehe hiyo, ambayo yalikuwa yanawataja watu na mahali, yalikuwa jambo jingine. Hata mahakama, yenye mashahidi na kanda za redio mezani, ilipata taabu kutenganisha sumu iliyotiwa polepole na amri iliyotolewa siku ya tukio.

Watafiti nao hawakukubaliana. Scott Straus aliwahoji wafungwa 210 waliokiri kushiriki mauaji, na wengi wao hawakuitaja redio kuwa ndiyo iliyowapeleka. Walisema walifuatwa nyumbani, na watu wanaowajua, wakaambiwa watoke. David Yanagizawa-Drott alitumia njia tofauti. Rwanda ni nchi ya vilima, na wewe unayeishi chini ya Kilimanjaro unajua jinsi mlima unavyoweza kukata redio, kijiji kimoja kikasikia vizuri na cha pili, nyuma ya kilima, kikapata mikwaruzo tu. Alikokotoa ni vijiji gani vilifikiwa na mitambo miwili ya RTLM, akalinganisha na idadi ya walioshtakiwa kwa mauaji, na katika utafiti wake wa mwaka 2014 akakadiria kwamba takriban asilimia 10 ya ushiriki wote ulitokana na redio ile. Tena aligundua kwamba athari ya redio ilivuka hadi vijiji jirani ambavyo havikuisikia vizuri, hasa kwa mauaji yaliyofanywa na makundi yaliyopangwa.

Watu wengine huona tafiti hizi mbili zinapingana. Kwangu zinaelezana. Redio haikuingia katika kila nyumba na kumgeuza kila mtu kuwa muuaji. Iliwafikia baadhi, ikawaonyesha kwamba wenye nguvu sasa wanataka hili na kwamba hakuna atakayewazuia, na hao wakaenda kubisha hodi kwa wengine. Aliyefuatwa nyumbani akahojiwa miaka baadaye atasema kwa ukweli kabisa kwamba yeye hakusukumwa na redio. Hatua zile mbili za Ohio zinaonekana hapa katika sura mbaya kuliko zote.

Nisikuache na mabaya peke yake, maana njia hiyo hiyo hupitisha mema, na ushahidi mmoja bora duniani ulitoka kwetu Tanzania. Mwaka 1993 Radio Tanzania ilianza mchezo wa redio wa Twende na Wakati, na utakuwa unamkumbuka Mkwaju, yule dereva wa lori mwenye wanawake kila kituo, na mkewe Tunu aliyechoka mwishowe. Kwa kuwa mtambo wa Dodoma ulikuwa na vipindi vyake wakati huo, mchezo haukurushwa eneo lile hadi mwaka 1995, na Everett Rogers na wenzake wakapata nafasi ya kulinganisha waliousikia na wasiousikia. Matumizi ya uzazi wa mpango yaliongezeka zaidi katika maeneo yaliyosikia, na Dodoma nayo ilipopata mchezo huo mabadiliko yakaonekana. Ukiuliza ilikuwaje, jibu linarudi majumbani: wasikilizaji walianza kuzungumza na waume na wake zao. Jambo ambalo mke alikuwa hana pa kulianzia, sasa angeweza kulianza kwa kusema, umesikia Tunu alichomwambia Mkwaju?

Utafiti ulioniridhisha kuliko yote juu ya hoja hii ni wa Elizabeth Levy Paluck, uliofanyika Rwanda kuanzia mwaka 2004. Makundi ya wanavijiji yalisikilizishwa kwa mwaka mzima mchezo wa redio wa upatanisho uitwao Musekeweya, na makundi mengine yakasikilizishwa mchezo wa mambo ya afya. Mwaka ulipokwisha, imani za watu binafsi hazikuwa zimesogea sana. Kilichosogea ni namna walivyoona jamii yao inatarajia watu waishi, kwa mfano katika suala la kuoana au la kumwamini jirani. Mwishoni kila kundi lilipewa redio kaseti na kanda za mchezo, liamue lenyewe zitatunzwaje. Makundi yaliyosikia mchezo wa afya yalielekea kumkabidhi kiongozi wa eneo, mambo yakaisha. Waliosikia mchezo wa upatanisho walibishana zaidi, wakajadiliana namna ya kushirikiana kuitunza na kuitumia. Watu ambao mioyo yao ilikuwa haijabadilika sana walianza kutenda tofauti, kwa sababu waliona wengine nao wangetenda hivyo.

Nikuonyeshe upande wa pili wa jambo hilo, kwa kuwa unahusu duka lako. Mwaka 1974 Mjerumani Elisabeth Noelle-Neumann alieleza kwamba mtu hupima upepo kabla hajasema, na akiona maoni yake ni ya wachache hunyamaza asitengwe. Kimya chake huwafanya wenye maoni kama yake waone kwamba wako peke yao, nao wananyamaza. Umesema wateja wengi wana maoni yale yale. Inawezekana ndivyo. Inawezekana pia kwamba watano wanasema na kumi wananunua sukari yao na kuondoka. Kimya hakihesabiki kwa urahisi, na mtangazaji anayesema kwamba Watanzania wote wamechukizwa na jambo fulani huwa amewahesabia kimya chao watu ambao hakuwauliza.

Makundi ya WhatsApp yamezidisha hali hii, kwa sababu ujumbe unaofika kutoka kwa shangazi, kwa mwanakwaya mwenzako na kwa mwanachama wa kikoba huonekana kama mashahidi watatu, ilhali umetoka kwa mtu mmoja asiyejulikana. Na tangu mwaka 1977 inajulikana, kwa jaribio la Lynn Hasher na wenzake, kwamba sentensi iliyosikika mara kadhaa huanza kuonekana ya kweli hata kama ni ya uongo. Kampuni yenyewe ililazimika kuweka ukomo wa kusambaza ujumbe kwa watu au makundi matano kwa mara moja mwaka 2019, na mwaka uliofuata ikaweka ukomo wa mtu au kundi moja kwa ujumbe uliokwisha kuzunguka sana.

Limebaki swali lako la mwisho, ambalo ndilo gumu. Maoni yasiyotoka kwa mtu mwingine hayapo, kwa hiyo usijisumbue kuyatafuta. Jambo unaloweza kulichunguza ni yamekufikia kwa njia gani. Unapojiona una msimamo mkali juu ya jambo, jaribu kukumbuka ulikuwa nao mwezi uliopita au ulikuja pamoja na habari. Jiulize kama jambo lenyewe limekugusa, au limemgusa mtu unayemjua kwa jina, au umelisikia tu likisemwa. Jaribu kulisimulia upya ukianzia mahali pengine, kwa mhandisi badala ya dereva, kwa mkulima badala ya waziri, uone kama hasira yako inabaki kwa mtu yule yule. Na uwe mwangalifu na sentensi inayoanza na "watu wanasema", kwani mara nyingi ndiyo imebeba mzigo wote.

Kuhusu mumeo na kaka yako, W. Phillips Davison aliandika mwaka 1983 juu ya tabia yetu ya kuona kwamba vyombo vya habari huwaathiri wengine kuliko vinavyotuathiri sisi. Mumeo anaposema tunalishwa, muulize taratibu kama yeye naye amo katika hao wanaolishwa, na kaka yako anaposema mtu mzima huchukua anachokitaka, muulize hicho anachokitaka kilifikaje mezani. Hutapata mshindi, ila mtazungumza vizuri zaidi.

Kwa upande wako, wewe uko katika hatua ile ya pili, kwa sababu anayeingia kununua chumvi saa tatu huondoka na habari kama ulivyomsimulia. Mteja akikuuliza watu wanasemaje juu ya jambo la leo, mjibu kwa idadi unayoijua: nimewasikia watatu hapa dukani, wawili wanapinga, mmoja anaunga mkono, na sijamuuliza mwingine. Kisha muulize yeye.